Reale, Rupia na Shilingi: Sarafu Kuukuu za Fedha katika Nchi ya Kajiado

Sarafu kuukuu za fedha zinazoweza kukutwa Kajiado, kutoka Loitokitok chini ya Kilimanjaro hadi Kitengela mpakani mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ni za makundi manne. Kuna reale, sarafu kubwa ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa. Kuna rupia ya Uhindi, pamoja na ile iliyopigwa chapa Birmingham kwa ajili ya Mombasa. Kuna rupia ya Kijerumani iliyotoka upande wa Longido. Na kuna florini na shilingi za serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki. Kila kundi lilikuja kwa njia yake, kwa wakati wake na kwa sababu yake, na historia hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha kutenganisha sarafu ya kweli na ya bandia. Mizani, sumaku na kioo cha kukuzia huja baadaye, kuthibitisha au kukanusha yale ambayo historia imeeleza.

Sarafu iliyobaki mwaka 1780

Maria Theresa alizaliwa mwaka 1717 na kutawala nchi za ukoo wa Habsburg kuanzia 1740 hadi alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Mwaka 1753 Austria na Bavaria zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha sarafu kubwa ya fedha: uzito wa gramu 28.07, na ndani yake sehemu tano za fedha kwa sehemu moja ya shaba. Kwa hesabu ya masonara, huo ni usafi wa 833 katika 1000, yaani kila sarafu ina gramu 23.39 za fedha halisi. Kiwango hicho hakikubadilishwa tena, na uthabiti huo ndio uliojenga imani ya wafanyabiashara kutoka Istanbul hadi Sanaa.

Sarafu iliyopendwa zaidi ilitoka katika kiwanda cha Günzburg, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani uliokuwa chini ya Austria. Chini ya kifua cha Malkia ziliwekwa herufi S.F., za majina ya maofisa wawili wa kiwanda hicho, Schöbl na Faby. Malkia alipofariki, wafanyabiashara wa nchi za mashariki hawakutaka sura mpya. Mwanawe, Mfalme Joseph wa Pili, akaruhusu sarafu ile ile iendelee kupigwa chapa kwa mwaka ule ule wa 1780. Kiwanda cha Günzburg kilifungwa mwaka 1805, lakini herufi S.F. ziliendelea kuchorwa kwenye sarafu za viwanda vingine, miongoni mwavyo Vienna, Prague, Milan na Venice. Mwaka 1857 Mfalme Franz Joseph aliitangaza kuwa sarafu rasmi ya biashara ya nje, na mwaka uliofuata ikakoma kuwa pesa halali ndani ya Austria yenyewe.

Karne ya 20 iliongeza viwanda vingine. Mwaka 1935, Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, Austria iliipa Italia haki ya kuipiga chapa sarafu hiyo kwa miaka 25, na kazi ikahamia Roma. Uingereza haikukubali kukosa sarafu ambayo biashara yake ya Aden na Bahari ya Shamu iliitegemea. London ilianza kuitengeneza mwaka 1936, kisha Bombay na Birmingham zikafuata. Paris na Brussels nazo ziliitengeneza katika miaka hiyo ya 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Austria ilirudishiwa kazi yake, na kiwanda cha Vienna kinaendelea kuitoa. Inakadiriwa kuwa hadi mwaka 2000 zilikuwa zimetengenezwa sarafu milioni 389.

Mtu anayesoma 1780 kwenye sarafu hiyo, kwa hiyo, hajasoma mwaka iliotengenezwa. Amesoma alama ya biashara. Reale iliyotoka Birmingham mwaka 1949 ina fedha ile ile na uzito ule ule kama ya Vienna ya karne ya 19, nayo si ya bandia. Bandia ni ile iliyotengenezwa na mtu asiye na idhini, kwa madini duni, ili imdanganye mpokeaji. Anayechanganya mambo hayo mawili atatupa sarafu nzuri kwa kudhani ni ghushi, au atanunua sarafu ya juzi kwa bei ya kitu cha zaidi ya miaka mia mbili.

Reale kwenye pwani ya Waswahili

Katika karne ya 19 reale ndiyo iliyokuwa kipimo cha thamani Zanzibar. Ushuru wa forodha wa Sultani Sayyid Said, bei ya pembe za ndovu, kodi ya nyumba na mishahara ya mabaharia vilihesabiwa kwa reale. Watu wa pwani walizitofautisha kwa macho makali. Reale ya Sham ilikuwa ile ya Maria Theresa. Reale ya mzinga ilikuwa ya Uhispania, kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana kama mizinga. Sarafu ya Kifaransa ya faranga tano iliitwa reale ya Kifransa. Tofauti hizo bado zina faida leo, kwa maana kila moja ina vipimo vyake: ya Maria Theresa gramu 28.07, ya Uhispania karibu gramu 27, ya Kifaransa gramu 25 kamili na usafi wa 900. Anayeikuta sarafu ya faranga tano yenye gramu 28 ameshapata jibu kabla ya kutazama kitu kingine.

Mwaka 1882 Sultani Sayyid Barghash wa Zanzibar aliagiza reale yake mwenyewe kutoka kiwanda cha Brussels, yenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299 wa Hijria. Wakati huo rupia ya Uhindi ilikuwa imeshaenea sokoni, na reale moja ilihesabiwa kuwa pesa 136 ilhali rupia ilikuwa pesa 64, yaani rupia mbili na thumni. Rupia ilizidi kupata nguvu, na reale nyingi zikaishia mikononi mwa masonara. Bangili na mitali ya fedha ya Zanzibar, Lamu na Maskati zilitengenezwa kwa sarafu zilizoyeyushwa, na nyingine zilitobolewa au kuunganishwa kipete zikavaliwa shingoni. Reale yenye tundu au alama ya kipete kilichong'olewa imepungua thamani kwa mkusanyaji, lakini tundu kuukuu lenye kingo zilizolainika kwa kuvaliwa ni ushahidi mzuri wa maisha marefu.

Misafara ya Umaasaini

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson wa Uskoti alipita katika nchi ambayo leo ni Kajiado. Alitoka Mombasa hadi Taveta, akazunguka Kilimanjaro kwa upande wa Loitokitok, akavuka uwanda wa Amboseli na kufika Ngong, mahali ambapo misafara ilijaza chakula kabla ya kuendelea Naivasha. Sehemu kubwa ya njia alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyeijua Umaasaini vizuri kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule.

Ni muhimu kujua kile ambacho misafara hiyo ilibeba. Wapagazi wa Zanzibar walilipwa kwa reale, kwa kawaida tano kwa mwezi, lakini malipo hayo yalifanyika pwani. Mizigo iliyopanda bara ilikuwa senyenge, shanga na nguo ya amerikani. Hongo kwa Wamaasai ililipwa kwa vitu hivyo, na rangi au unene usiopendwa ulikataliwa bila mjadala. Sarafu hazikuwa na kazi mahali ambapo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe na senyenge ilikuwa pambo la thamani.

Kwa sababu hiyo, hadithi ya sanduku la reale lililofukiwa na msafara katika nyanda za Kitengela au Kaputiei inapaswa kusikilizwa kwa tahadhari kubwa. Msafara haukuwa na sababu ya kubeba sanduku kama hilo kwenda bara, na hadithi nzuri ya chimbuko ni silaha ya kwanza ya muuzaji wa bandia. Reale za kweli zilikuwa na njia nyingine za kufika. Ethiopia iliitumia sarafu hiyo hadi mwaka 1945. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya, pamoja na askari wa King's African Rifles, yaliingia huko kupigana na Waitalia, na kwa mahitaji ya vita hivyo kiwanda cha Bombay kilitoa karibu reale milioni 19 katika miaka ya 1940 na 1941. Njia za biashara ya mifugo za kaskazini, mapambo ya familia kutoka pwani na mizigo ya askari waliorudi ni maelezo yanayokubalika zaidi kwa reale iliyoko nyumbani Kajiado leo. Kwa maelezo hayo, sarafu nyingi za aina hiyo zitakuwa za karne ya 19 au ya 20.

Rupia na reli

Sarafu iliyoingia kwa wingi katika nchi ya Wamaasai ilikuwa rupia, na iliyoileta ni reli. Mwaka 1888 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme na kuagiza rupia kutoka kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Upande mmoja una jua lenye miale na taji, upande wa pili mizani na maandishi ya Kiarabu, na herufi ndogo H ni alama ya kiwanda. Rupia nzima ina mwaka 1888, ilhali nusu, robo na sarafu ya ana mbili zina mwaka 1890. Utawala wa Kampuni ulikwisha mwaka 1895, na sarafu hizo hazikuwa nyingi. Ndiyo maana zinatafutwa sana, na ndiyo maana huigizwa.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikavuka uwanda wa Athi na kufika Nairobi mwaka 1899. Kituo cha Athi River kiko hatua chache kutoka mahali ambapo mji wa Kitengela uliota baadaye. Wafanyakazi wa reli na wenye maduka waliowafuata walitumia rupia ya Uhindi: gramu 11.66, usafi wa 917, ukingo wenye mikato midogo. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901 ilidaiwa kwa rupia. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia na kusukumwa katika eneo la kusini ambalo sasa ni Kajiado na Narok. Miaka hiyo hiyo reli ya pili ilichorwa kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwa la magadi, na ikakamilika mwaka 1915. Kando ya reli hizo ng'ombe na ngozi vilianza kubadilishwa kwa sarafu.

Rupia ya Uhindi husomwa kwa jina la mtawala. Hadi mwaka 1876 maandishi ni VICTORIA QUEEN, na kuanzia 1877 ni VICTORIA EMPRESS. Edward wa Saba anaonekana kuanzia 1903 hadi 1910, na George wa Tano kuanzia 1911. Rupia yenye VICTORIA EMPRESS na mwaka 1862 haijawahi kutolewa na kiwanda chochote cha serikali. Makosa ya namna hii ni mengi kwenye bandia, kwa sababu mghushi huchukua upande mmoja kutoka sarafu moja na upande wa pili kutoka nyingine.

Rupia ya Kijerumani na vita vya Longido

Upande wa kusini wa Namanga, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890 kutoka Berlin, kwa uzito na usafi ule ule wa rupia ya Uhindi ili zikubalike sokoni. Uso una Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai. Mgongoni kuna simba na mtende pamoja na jina la Kampuni. Sarafu ya rupia mbili ilitolewa katika miaka miwili tu, 1893 na 1894. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ilichukua kazi hiyo: jina la Kampuni likaondolewa, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA yakachukua nafasi yake, hesabu ikawa heller 100 kwa rupia badala ya pesa 64, na ikawekwa herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Sarafu hizi zina sababu ya kweli ya kuwako Kajiado. Mpaka haukuzuia biashara ya ng'ombe, na vita vya kwanza vya dunia viliigeuza njia ya Kajiado, Bissil na Namanga kuwa barabara ya jeshi. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliishambulia ngome ya Wajerumani mlimani Longido na kurudishwa nyuma. Mwaka 1916 kikosi cha Jenerali Stewart wa Uingereza kilitoka huko huko kuingia Tanganyika. Maelfu ya askari, wapagazi na wanyama walipita, na mifuko yao ilikuwa na pesa za pande zote mbili.

Utambuzi wake ni rahisi kwa anayekumbuka mwaka 1904. Jina la Kampuni pamoja na mwaka 1910 ni kosa. Rupia mbili yenye mwaka 1905 ni kosa. DEUTSCH OSTAFRIKA yenye mwaka 1895 ni kosa pia. Hakuna haja ya mizani kwa sarafu inayojikanusha yenyewe.

Florini na shilingi

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwishoni mwa 1919. Mwaka 1920 ilitoa florini kuchukua nafasi ya rupia, na mwaka 1921 ikaiacha na kuleta shilingi yenye simba mbele ya milima. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kudanganywa na yeyote, kwa kudhani kila sarafu nyeupe ya mkoloni ni fedha tupu. Florini ya 1920 ni nusu fedha, nusu madini mengine. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina uzito wa gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Shilingi ya Kenya ilipoanza mwaka 1966, sarafu za Bodi zilibaki masandukuni.

Mji wa Kitengela umezikusanya sarafu hizi kwa namna yake. Ardhi ya ranchi ya pamoja ya Kitengela ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, familia kutoka kila pembe ya Kenya zilinunua viwanja na kuhamia pamoja na mali zao. Sarafu inayotokea katika nyumba ya Kitengela inaweza kuwa ilisafiri kutoka Lamu, Marsabit au Kisumu katika sanduku la nyanya. Kwa hiyo historia ya familia ina uzito zaidi kuliko mahali sarafu ilipopigiwa picha.

Kupima bila kuharibu

Baada ya historia huja vipimo, na utaratibu wake ni kuanza na kile kisichoacha alama.

Kwanza ni uzito. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha. Reale iliyotumika sana hupungua kidogo, kwa kawaida chini ya nusu gramu. Iliyozidi gramu 28.07 kwa kiasi kinachoonekana inatia shaka kuliko iliyopungua, kwa sababu sarafu hulika na haikui.

Pili ni upana. Reale ina karibu milimita 40 kutoka ukingo hadi ukingo, na rupia karibu milimita 30 na nusu. Uzito na upana hupimwa pamoja kwa sababu maalumu. Shaba na nikeli ni nyepesi kuliko fedha kwa ujazo ule ule. Mghushi anayetaka uzito sahihi kwa madini hayo hulazimika kuongeza unene, na anayetunza unene hupoteza uzito. Kupatia vyote viwili kwa madini duni ni vigumu sana.

Tatu ni maji, kipimo kinachounganisha hayo mawili. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, nayo hurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa kwa uzi mwembamba na kuzamishwa yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu kwa mililita. Reale halali huonyesha karibu 2.75, maana mchanganyiko wake wa fedha na shaba una gramu 10.2 kwa kila mililita. Ya shaba na nikeli yenye uzito huo huo ingeonyesha karibu 3.15. Rupia ya gramu 11.66 huonyesha karibu 1.13. Kipimo hiki hakigharimu kitu na huwaumbua wengi.

Nne ni sumaku. Fedha haivutwi. Sarafu inayovutwa ina madini yanayovutwa, kama chuma, ndani yake. Hata hivyo, sarafu isiyovutwa haijathibitishwa, kwa kuwa shaba, risasi, bati na zinki navyo havivutwi.

Tano ni mlio. Sarafu ya fedha ikisawazishwa kwenye ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa kijiti hulia kwa sauti nyembamba inayodumu. Risasi na bati hutoa mshindo mfupi uliokufa. Sarafu ya kweli iliyopasuka au iliyowahi kuunganishwa kipete nayo inaweza kufa mlio, kwa hiyo kipimo hiki hakiamui peke yake.

Asidi na tupa havifai kwa sarafu inayoweza kuwa na thamani, kwani huacha kovu la kudumu. Sonara mwenye mashine ya miale anaweza kusoma madini ya juu bila kukwangua, lakini asomapo sarafu iliyochovywa fedha mashine inaweza kuona ngozi na isione mwili. Ndiyo maana jibu lake husomwa pamoja na kipimo cha maji.

Kusoma uso, mgongo na ukingo

Sarafu halali hupigwa chapa: kipande cha madini hubanwa kwa nguvu kubwa kati ya chapa mbili za chuma kigumu. Bandia nyingi husubiwa, yaani madini yaliyoyeyuka humiminwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa sarafu ya kweli. Tofauti yake huonekana chini ya kioo cha kukuzia. Herufi zilizopigwa chapa husimama wima, na mahali zinapokutana na uwanja pana mstari mkali. Herufi zilizosubiwa huwa na miguu ya mviringo kama zimeyeyuka, na uwanja huwa na vitundu vidogo vya mapovu ya hewa.

Ukingo husema zaidi. Reale haina mikato ukingoni. Ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, yaliyotenganishwa kwa mapambo. Ukingo laini mtupu, ukingo wenye mikato, au mstari wa kiungo uliopigwa tupa ukizunguka sarafu ni ushahidi wa bandia.

Usoni, Malkia amevaa shela la mjane alilolivaa baada ya mumewe kufariki mwaka 1765, na begani ana kishikizo cha lulu. Katika aina inayojulikana zaidi lulu hizo ni tisa, na wafanyabiashara wa Ethiopia na Arabuni walizihesabu moja moja kabla ya kupokea sarafu. Maandishi ni M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Mgongoni kuna tai mwenye vichwa viwili, na maandishi yake humalizikia kwa 1780 na alama kama X. Wataalamu hutenganisha sarafu za Vienna, Milan, Roma, London na Bombay kwa umbo la kishikizo, idadi ya manyoya ya mkia wa tai na umbo la alama hiyo. Kazi hiyo huhitaji katalogi na picha kubwa, si kumbukumbu.

Kulika kwa sarafu nako kuna utaratibu. Sehemu zilizoinuka hulika kwanza: bega, nywele, kifua cha tai. Sarafu yenye nywele kali lakini maandishi ya chini yaliyofifia haikulika mikononi mwa watu. Ilitoka hivyo kwenye kalibu. Weusi wa miaka mingi hutulia zaidi kwenye mabonde na kupauka juu ya vilima, ilhali weusi wa dawa hufunika pote kwa rangi moja. Tena, sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale zina mama mmoja, nayo ni kalibu. Kwa sababu hiyo anayeuziwa kumi azilinganishe zenyewe kwa zenyewe kabla ya kuzilinganisha na kitabu.

Sarafu haipaswi kusuguliwa kwa majivu, dawa ya meno wala limau. Msuguo huondoa ngozi ya asili ambayo ni sehemu ya ushahidi, na mnunuzi anayejua hushusha bei mara moja.

Sheria na uhifadhi

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kufanya biashara ya vitu hivyo kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayegundua ardhini vitu vya kiakiolojia anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa. Hapa utambuzi unakuwa pia jambo la kisheria. Reale iliyovaliwa pwani kabla ya 1895 imo ndani ya sheria hiyo. Reale ya Bombay ya 1941 haimo, ingawa zote mbili zimeandikwa 1780. Rupia ya Kampuni ya 1888 iliyoingia wakati wake imo. Florini ya 1920 haimo. Naye anayeuza bandia huku akijua, kwa jina la sarafu ya kweli, anajipatia pesa kwa udanganyifu, hata kama sarafu anayoiiga ilikwisha kuondolewa sokoni miaka mingi iliyopita.

Familia yenye sarafu kuukuu Kajiado inafanya vyema kuandika mambo manne na kuyahifadhi pamoja nayo: nani aliyekuwa nayo kwanza, aliipata wapi na kwa kazi gani, uzito na upana wake, na picha za uso, mgongo na ukingo. Kila sarafu ifungwe peke yake katika karatasi isiyo na asidi na kuwekwa pakavu, mbali na mpira na sufu, vitu ambavyo huipa fedha weusi haraka. Maandishi hayo ni mali zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sarafu iliyopoteza historia yake hupimwa kwa gramu za fedha tu. Ikiwa na historia inayoaminika, hupimwa pia kwa njia iliyopitia na watu walioibeba, na wanunuzi hulipia tofauti hiyo.